Nani Mwenye Anga la Kariakoo?

Neno ghorofa lilipotoka Uarabuni lilikuwa na maana ndogo: chumba cha juu. Lilipofika Pwani likapanuka, likawa sakafu nzima iliyo juu ya nyingine, kisha likawa jengo lenyewe. Leo hii mtu wa Dar es Salaam akisema kwamba fulani "ameshusha ghorofa", hana haja ya kutaja idadi ya vyumba wala matumizi ya jengo. Msikilizaji ameshaelewa kwamba fulani amepata, na kwamba kupata kwake kunaonekana kutoka mbali.

Wapo wanaozungumza juu ya majengo marefu kana kwamba ni ugeni uliokuja na vioo kutoka Dubai. Historia haiwaungi mkono. Kilwa Kisiwani ilikuwa na kasri ya Husuni Kubwa tangu karne ya 14, na nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilikuwa na sakafu mbili, tatu, hata zaidi, kabla Mjerumani hajaweka mguu Bandari ya Salama. Kwenda juu si jambo geni kwa Waswahili. Kilichokuwa tofauti ni masharti ya kwenda juu. Katika vichochoro vya Lamu kuna kitu kiitwacho wikio: chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba ya upande huu na ya upande ule, wapita njia wakipita chini yake. Mara nyingi nyumba hizo mbili zilikuwa za ukoo mmoja. Pale ambapo hazikuwa, boriti haikuweza kuegeshwa ukutani mwa mtu bila ya ridhaa yake. Mwenye kutaka chumba cha juu alipaswa kwanza kubisha hodi kwa jirani wa chini.

Suala linalojadiliwa hapa linaanzia kwenye hodi hiyo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inapovunjwa Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, na mahali pake pakasimama jengo la ghorofa nane au kumi, ni nini hasa kilichouzwa? Na je, aliyeuza alikuwa nacho chote hicho cha kuuza?

Kwa upande wa sheria jibu ni jepesi, na ndiyo maana halitoshi. Mwenye hati amekubaliana na mwekezaji, wakili ameandika mkataba, dalali amechukua chake, manispaa imetoa kibali. Kwa kawaida fedha haziwi kitu pekee kinachobadilishana mikono: mwenye kiwanja hutoa ardhi, mwekezaji hutoa mtaji, na jengo likikamilika mmoja huchukua fremu kadhaa za chini au ghorofa moja ya kuishi, mwingine huchukua zilizobaki, ama kwa milele ama kwa miaka waliyoandikiana. Hakuna aliyelazimishwa. Anayetaka kulalamika ataulizwa analalamika kwa haki ipi.

Kabla ya kutafuta haki hiyo, inafaa kumtendea uadilifu muuzaji mwenyewe, kwa kuwa maandishi mengi kuhusu miji humfanya kuwa mtu wa tamaa au mtu aliyerubuniwa. Si rahisi kumfahamu mpaka mirathi ieleweke. Nyumba nyingi za Kariakoo zilijengwa na kizazi cha babu na bibi. Babu amekufa, watoto wake nao wameanza kufa, na wajukuu wametawanyika Mbagala, Gongo la Mboto, Tanga, wengine Muscat na London. Chukua nyumba yenye vyumba sita na warithi kumi na mmoja. Mjane ana thumuni yake, mtoto wa kiume ana mafungu mawili dhidi ya fungu moja la dada yake, na mafungu ya waliokufa yamegawanyika tena kwa watoto wao. Mafungu yanajulikana hadi sehemu ya mwisho, lakini nyumba haigawiki. Huwezi kumpa mtu theluthi mbili za chumba na nusu ya uani. Warithi hubaki wakigombania kodi ya wapangaji, msimamizi wa mirathi hushukiwa na ndugu zake, paa huvuja kwa sababu hakuna anayekubali kununua bati kwa faida ya wengine, na kesi huingia mwaka wa tano.

Kwa familia ya namna hiyo, jengo refu ni suluhu ya hesabu. Ghorofa hugawanya kisichogawanyika. Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, mtu anaweza kuwa na hati ya ghorofa ya tatu huku dada yake akiwa na hati ya ghorofa ya nne, na wote wawili wasilazimike kukutana isipokuwa kwenye lifti. Ni rahisi kuililia baraza ya Kariakoo ukiwa Muscat au Minneapolis. Wengi wanaoililia hivyo ndio hao hao warithi waliopiga simu kuuliza fungu lao litatoka lini. Hakuna unafiki mkubwa katika jambo hilo. Mtu anaweza kupenda nyumba na kuhitaji fedha kwa wakati mmoja. Lakini mapenzi hayo yasichukuliwe kuwa hoja.

Hoja ianzie kwenye bei. Kwa nini kipande cha ardhi cha Kariakoo, chenye udongo wa mchanga kama ule wa Mbagala, kina thamani kuliko cha Mbagala mara nyingi? Si kwa sababu ya kazi ya mwenye nyumba, hata akiwa alijenga kwa mikono yake. Nyumba yenyewe, kuta na mabati, huhesabika kuwa gharama: ni lazima ilipiwe ivunjwe. Thamani imo katika mahali. Na mahali pa Kariakoo pana watu waliopatengeneza.

Utawala wa Kijerumani ulipoigawa Dar es Salaam kwa aina za ujenzi, Waafrika walitengewa upande wa magharibi, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likabaki kuwatenga na sehemu nyingine za mji. Huko waliruhusiwa kujenga kwa miti, udongo na makuti, yaani nyumba ambazo watawala waliziita za muda. Waingereza walipouteka mji katika Vita Vikuu vya Kwanza, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hivyo kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, likiwa limesagwa na ulimi wa Kiswahili, ndilo Kariakoo. Baada ya vita watu wakarudi kujenga, wakilipa kodi ya kiwanja mwaka hadi mwaka, bila ya hati ndefu za aina waliyopewa Wazungu wa upande wa bahari. Waliambiwa wao ni wapita njia mjini.

Wapita njia hao walianzisha vyama vya ngoma, madrasa, na vilabu viwili vya mpira ambavyo hadi leo makao yao yapo mtaani humo, Yanga tangu 1935 na Simba tangu 1936. Katika ofisi yao ya Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, kilizaliwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1975 likafunguliwa soko kuu lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo katika nchi hizi, lenye mapaa ya zege kama miavuli iliyopinduliwa yanayokinga maji ya mvua na kuyapeleka chini. Lile soko lilikuwa na kimo pia, lakini kimo chake kilimpa mtu aliye chini kivuli na maji. Liliungua Julai 2021, na biashara iliyolizunguka haikusimama hata kwa wiki moja, kwa kuwa Kariakoo kwa wakati huo ilikuwa soko lenyewe, mitaa yote, kiasi cha kuwavuta wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni.

Hao ndio waliotengeneza bei. Walio wengi miongoni mwao hawakuwa na nyumba. Walikuwa wapangaji.

Nyumba ya Kiswahili ilijengwa kwa ajili ya kupangisha. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliieleza vizuri: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma pana jiko, choo na pengine vyumba zaidi. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki vikapangishwa kwa mtu mmoja mmoja au familia moja moja. Mpangaji hakukodi chumba peke yake. Alikodi nafasi yake katika foleni ya choo, kamba ya kuanikia nguo, na jicho la bibi wa nyumba linalomtazama mwanawe wakati yeye yuko sokoni. Wapo waliokaa hivyo miaka 30. Mkataba wao ulikuwa mdomo.

Siku jengo linapopangwa, mpangaji hupewa notisi, pengine ya miezi mitatu, na akibahatika husamehewa kodi ya miezi hiyo. Muuza duka wa fremu ya mbele, aliyelipa kilemba alipoingia, huenda akapigania arudishiwe au apewe nafasi katika jengo jipya. Mama wa chumba cha nne hana kilemba cha kudai. Atahamia Chanika au Kivule, atapanda daladala mbili kurudi Kariakoo kuuza vitumbua palepale alipokuwa akiviuza, mbele ya jengo ambalo ghorofa zake za juu ni stoo za nguo na viatu.

Jambo hili la stoo lisipitwe haraka. Watetezi wa majengo marefu husema, na kwa jumla husema kweli, kwamba mji unaokua hauna budi kupanda juu. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, kumi yake iliyopita ilikuwa milioni 4.3. Kama mji haupandi, utatambaa hadi Bagamoyo na Mkuranga, ukila mashamba ya mihogo na mikorosho njiani. Hoja hii ina nguvu pale ghorofa inapoongeza vitanda. Katika mitaa mingi ya Kariakoo ghorofa imeongeza mabunda. Nyumba iliyolaza watu 20 imegeuka jengo linalolaza walinzi wawili. Hapo mji haukupanda juu kwa ajili ya watu. Bidhaa ndizo zilizopanda, na watu wakatambaa.

Pingamizi kubwa dhidi ya dai la mpangaji si la kisheria, ni la kifalsafa, na linastahili kujibiwa kwa utulivu. Mpangaji alilipa kodi, akapata chumba. Hesabu yao imefungwa. Kama kuchangia uhai wa mtaa kunampa mtu haki katika bei ya kiwanja, basi mshabiki wa Yanga, mwalimu wa madrasa, mteja wa Lubumbashi na fundi cherehani wa mtaa wa pili wote ni wadai. Na deni ambalo linadaiwa na kila mtu haliwezi kulipwa kwa yeyote. Litageuka maneno ya huruma, na huruma haimzuii dalali.

Pingamizi hili ni sahihi nusu. Ni kweli kwamba hakuna awezaye kukata fungu la mama wa vitumbua kutoka kwenye bei na kusema hili ni lako, kwa namna fungu la mjane linavyokatwa. Lakini kutokugawika kwa deni si kufutika kwake. Kinachotengenezwa na wote bila ya mafungu kuonekana ni mali ya wote, na cha wote kina msimamizi wake. Henry George aliandika hivyo Marekani mwaka 1879. Julius Nyerere alisema jambo lililo karibu na hilo mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alipopinga mpango wa kuigeuza ardhi ya Tanganyika kuwa mali ya mtu binafsi ya kudumu: mtu anastahili jasho alilotia katika ardhi, si ardhi yenyewe, ambayo hakuiumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelibakiza wazo hilo kwa maneno yake: ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Hapa ndipo panapoonekana jambo la ajabu. Nchi iliyokataa kwamba mtu anaweza kumiliki ardhi milele imekubali, bila ya mjadala, kwamba anaweza kumiliki anga lililo juu yake. Wanasheria wa Ulaya ya zamani walikuwa na kanuni kuwa mwenye ardhi ni mwenye vyote vilivyo juu yake hadi mbinguni. Tanzania ilikataa nusu ya kwanza ya kanuni hiyo, ikaipokea ya pili kimyakimya. Siku kiwanja cha nyumba ya chini kinapopewa kibali cha ghorofa kumi, umma umetoa kitu ambacho jana hakikuwa mikononi mwa mwenye hati. Sakafu tisa za hewa zimepata bei kwa muhuri mmoja. Ada ya kibali haikukusudiwa kuikamata thamani hiyo. Kodi ya majengo nayo haiioni: tangu mwaka 2021 hulipwa kupitia umeme kwa kiwango kilicho sawa, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa kwa mujibu wa viwango vya mwanzo. Viwango vilipandishwa baadaye, kanuni ikabaki ileile. Ghorofa ya Mtaa wa Kongo, iliyosheheni mali ya mamilioni, na ghorofa ya mstaafu wa Tabata, mbele ya kanuni hiyo ni ndugu wa tumbo moja.

Miji mingine ya kusini mwa dunia imeliona jambo hili mapema zaidi. Kolombia, kwa sheria ya mwaka 1997, iliziruhusu manispaa zake kudai kati ya asilimia 30 na 50 ya ongezeko la thamani linalotokana na uamuzi wa serikali, ikiwa ni pamoja na ruhusa ya kujenga zaidi. São Paulo ilikwenda mbali. Mpango wake mkuu wa mwaka 2014 uliweka kipimo cha msingi kuwa moja katika mji mzima: mwenye kiwanja cha mita za mraba 500 ana haki ya kujenga mita 500 tu za sakafu. Anayetaka zaidi, pale ambapo zaidi inaruhusiwa, ainunue kutoka kwa mji, na fedha ziingie katika mfuko wa makazi, usafiri na mahitaji mengine ya umma. Kwa maneno mengine, São Paulo imejibu swali la kichwa cha makala haya: anga ni la mji.

Ni jibu zuri, na lina dosari yake. Kitu kikishapewa bei, mwenye fedha atakinunua chote na kujiona ameshalipa deni. Anga si fedha peke yake. Ni mwanga wa dirisha la jirani, ni upepo wa kusi ambao nyumba ya Kiswahili iliutegemea ili mtu alale usiku, ni uzito unaokaa juu ya udongo ule ule unaobeba nyumba ya pembeni, ni maji taka yanayotafuta njia katika mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya watu wachache. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la biashara la Kariakoo likaanguka likiwa na watu ndani. Waliokufa walizidi 20, na kwa siku kadhaa waokoaji walifuata sauti na ujumbe wa simu kutoka chini ya kifusi. Habari za siku zile zilitaja kazi za uchimbaji chini ya jengo. Hakuna ada ambayo ingeweza kulipwa mapema ikafanya vifo hivyo kuwa halali. Waliokuwa katika hatari, wapita njia, wauza maji, watoto waliokuwa wakicheza, hawakuwa wahusika katika mkataba wowote.

Kwa hiyo hodi ya Lamu inarudi, safari hii kama kanuni. Fikra za Pwani kuhusu ujirani hazikuwa za hisia tupu. Zilikuwa na mabishano ya kisheria. Katika fiqhi ipo haki ya shufaa, ya mtu kutangulizwa katika kununua sehemu inayouzwa kabla ya mgeni. Wanazuoni wa Kihanafi waliwapa hata majirani haki hiyo. Mashafi, ambao ndio wengi Pwani, waliwapa washirika wa mali peke yao. Aidha, ipo simulizi isomwayo sana katika mawaidha ya haki za jirani, ambayo wataalamu wa hadithi wameitilia shaka sanadi yake, inayomkataza mtu kuinua jengo lake juu ya la jirani akamzibia upepo bila ya idhini yake. Udhaifu wa sanadi usiwe kisingizio cha kupuuza kilichowafanya watu waishikilie simulizi hiyo kwa karne nyingi. Waliona kwamba mtu anaweza kuumizwa na kitu kilichojengwa chote ndani ya mpaka wa mwenzake. Sheria ya mipaka haina jina la madhara hayo.

Msomaji anaweza kusema kwamba ridhaa ya majirani, ikifanywa sharti, itaugandisha mji. Mtu mmoja mkaidi atazuia mtaa mzima, au atageuza ukaidi wake kuwa biashara. Hatari hiyo ipo. Lakini kuulizwa si sawa na kupewa turufu. Jirani anaweza kuwa na haki ya kuoneshwa michoro, ya kupata mhandisi wa kumweleza msingi utachimbwa kiasi gani karibu na ukuta wake, ya kulipwa ufa ukitokea, bila ya kuwa na uwezo wa kusema hapana daima. Hivi sasa jirani hujua kwamba kuna jengo linakuja pale uzio wa mabati unapowekwa.

Na mpangaji? Deni lake halilipiki kwa kuoneshwa michoro, wala kwa mfuko wa São Paulo, kwa kuwa alichopoteza ni mahali. Fidia ya haki kwake ni nafasi ya kurudi. Watu wa mipango miji husema jambo hilo haliwezekani, kwamba gharama za ujenzi haziruhusu. Shirika la Nyumba la Taifa, baada ya kuundwa mwaka 1962, lilijaribu kuvunja nyumba za udongo na kujenga mpya palepale, na kufikia mwisho wa muongo ule sera hiyo ilikwisha pumzi: fedha nyingi zilitumika, nyumba za nyongeza zikawa chache. Somo lililochukuliwa lilikuwa kwamba serikali isivunje. Halikuchukuliwa somo la pili, kwamba akivunja mwingine asiachiwe bila masharti.

Magomeni Kota inatoa ushahidi wa upande mwingine. Wapangaji wa nyumba za umma za pale waliondolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 kupisha ujenzi, nyumba zikabomolewa, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka huku familia zikihangaika kwenye vyumba vya kupanga. Mwaka 2016 serikali iliahidi kuwa watajengewa na kukaa miaka mitano bila kodi. Majengo ya ghorofa yalizinduliwa Machi 2022, na kaya 644 zilizokuwa katika orodha zikapewa nafasi. Mtu asilipambe jambo hili kupita kiasi. Miaka ile ya kusubiri haikurudishwa, na wazee walioondoka na kanga zao katika mifuko ya salfeti hawakuwa na uhakika wa kuiona siku hiyo. Hata hivyo kilichotendeka kinajibu neno "haiwezekani". Wapangaji, watu wasio na hati, waliorodheshwa kwa majina kabla ya kuvunjiwa, na orodha ile ikadumu kupitia marais watatu. Ardhi ilikuwa ya umma na watu wale walikuwa wapangaji wa umma, ndiyo, na hilo lilisaidia. Lakini kwa mujibu wa sheria ile ya 1999 ardhi ya Kariakoo nayo ni ya umma.

Kilichofanya kazi Magomeni, kabla ya zege na nondo, kilikuwa orodha. Mtu fulani aliandika nani analala katika chumba kipi. Kibali cha ujenzi Kariakoo huhitaji michoro ya msanifu na ya mhandisi, huhitaji uthibitisho wa umiliki, hueleza idadi ya ghorofa. Kingeweza pia kudai orodha ya wanaolala ndani ya nyumba itakayovunjwa, na kueleza ghorofa ipi kati ya hizo kumi itabaki na vitanda, na kwa kodi ya kiasi gani. Ghorofa moja kati ya kumi ni vyumba vingi kuliko sita. Mwekezaji angepunguziwa faida, warithi pengine wangesubiri kidogo zaidi, na fungu la mjane lingepungua. Haifai kuficha kwamba sehemu ya gharama ingeangukia watu ambao nao wana haki. Swali ni kama fungu hilo, kwa ukubwa wake wa sasa, lilikuwa lao lote tangu mwanzo.

Nyumba za chini zilizobaki kati ya Msimbazi na Mnazi Mmoja zinazidi kupungua. Zipo chache Mtaa wa Mafia, zipo upande wa Gerezani, zimebanwa na kuta tupu za majirani warefu, uani mwao jua huingia saa sita na kutoka saa saba. Nyingine zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, maana yake mara nyingi ni kwamba mrithi mmoja anataka kuuza na mwingine amewahi kununua rangi. Ndani ya vyumba vyake bado kuna wapangaji, na hakuna ofisi yenye majina yao.